Mgeni wa saa tano usiku

Nimesoma makala inayodai kwamba mwanafunzi wa shahada ya utalii akishafanya mazoezi kwenye mapokezi ya kuigiza pale chuoni, hana haja tena ya kuja mahotelini kwa mafunzo ya vitendo. Nusu yake naikubali. Mimi ni mkuu wa zamu ya usiku kwenye mapokezi ya hoteli huku Nungwi, Zanzibar, napokea wanafunzi kila mwaka, na waliowahi kuigiza huja wanajiamini zaidi. Tatizo wameigiza na mgeni mpole, mwenzao wa darasani. Mwaka jana binti mmoja alikuwa kaunta saa tano usiku, umeme umekatika, jenereta bado haijashika, mbele yake familia ya watu watano na nafasi yao haionekani kwenye kompyuta. Baba anafoka kwamba ameshalipa kila kitu, mpaka ile bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar, iliyoanza Oktoba 2024. Kalamu ikawa inamtetemeka mkononi, Kiingereza chote kimemkimbia. Nikamnong'oneza, "Mwanangu, wakalishe kwanza, wape maji." Wakatulia. Hilo linafundishika chuoni kabisa, ila mwalimu alete mgeni mkali, azime taa, na igizo likiisha wakae chini waulizane walikwama wapi na kwa nini. Hapo ndipo mtu anapojifunza. Wenzangu wa Paje na Kiwengwa, nani yuko tayari kwenda chuoni siku moja akawe mgeni huyo?