Kabla ya kuuliza ni fonti gani, tazama herufi A

Ikiwekwa picha ya kibao cha zamani cha duka mtandaoni, hakosi mtu wa kuuliza: hii ni fonti gani? Jibu langu huwa lile lile. Si fonti, yaani seti ya herufi zilizotengenezwa tayari. Ni mkono wa mtu, brashi na kopo la rangi ya mafuta, na mkono huo una haki ya kutambuliwa kabla hatujatafuta cha kupakua.

Kwa Kiswahili kipimo ni rahisi, maana maneno yetu yamejaa A. Chukua kibao cha SALAMA au BARAKA, linganisha A zake tatu. Za fonti zitafanana kabisa. Za brashi, moja itakuwa imepanua miguu kidogo, nyingine upau wake umeshuka. Tazama na mwisho wa mstari, herufi zinapobanana kwa sababu ukuta umekwisha. O nayo huchorwa kwa mikupuo miwili, wa kushoto na wa kulia, na pale inapokutana mara nyingi utaona alama ya kiungo. Kivuli cha herufi kinasema mengi pia. Waandika mabango wa Marekani walizoea kukiweka chini, upande wa kushoto, kwa sababu herufi kama E, B na R zina mgongo ulionyooka upande huo na kazi inakuwa ndogo. Cha kompyuta mara nyingi huangukia kulia.

Naelewa kwa nini watu huchanganya, kwa kuwa baadhi ya fonti zenyewe chimbuko lake ni brashi. Mwaka 1926 Eric Gill, mchongaji na mchora herufi, alipaka maandishi kwenye duka la vitabu la Douglas Cleverdon mjini Bristol, Uingereza. Stanley Morison wa Monotype, kampuni ya herufi za uchapaji, aliyaona, na mwaka 1928 ikatoka fonti ya Gill Sans. Padri Edward Catich, aliyewahi kuandika mabango Chicago, alirudi nyuma zaidi: mwaka 1968 alichapisha hoja kwamba hata herufi za Nguzo ya Trajan mjini Roma, mnara wa mfalme wa Kirumi wa mwaka 113, zilipakwa kwanza kwa brashi bapa ndipo zikachongwa, na kwamba vile vimiguu vya kwenye ncha za herufi vimetokana na brashi inavyogeuzwa. Namwamini, kwa kuwa brashi hiyo aliishika mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba fonti hubaki na jina, la mwandika kibao husahaulika. Kule Delhi, India, msanii Hanif Kureshi alifanya jambo la haki: aliwaomba wachoraji wa mitaani wamwandikie alfabeti zao, akazigeuza kuwa fonti zenye majina yao. Dar na Mombasa linawezekana kabisa. Wachoraji wetu wengi huacha jina na namba ya simu kwenye kona ya chini ya kazi. Anayetaka herufi zao awapigie, wakubaliane malipo, waandike A mpaka Z.