Maswali 38 ya huku na swali moja la kwetu

Mwezi wa Februari mwaka 2025, siku chache kabla ya uchaguzi wa bunge la Ujerumani, bibi mmoja wa miaka 84 katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Hamburg aliniomba niketi naye nikimaliza zamu nimshikie tableti. Vidole vyake vinatetemeka, na alitaka kuipitia Wahl-O-Mat kabla ya kujaza karatasi yake ya kura ya posta. Hii ni programu ya intaneti inayoandaliwa tangu mwaka 2002 na taasisi ya serikali ya elimu ya uraia. Inakuwekea kauli moja baada ya nyingine, safari hii zilikuwa 38, nawe unajibu kwamba unakubali, hukubali, au huna upande. Vyama vyenyewe vimekwisha kuzijibu kauli hizo hizo kwa maandishi, kila kimoja na sababu zake. Ukimaliza unaonyeshwa kwa asilimia umekaribiana na chama kipi zaidi, na jambo linalokugusa kuliko mengine unaruhusiwa kulipa uzito maradufu.

Tulitumia karibu saa nzima. Je, Ujerumani iendelee kuisaidia Ukraine kijeshi? Kima cha chini cha mshahara kipandishwe hadi euro 15 kwa saa? Kifungu cha katiba kinachoizuia serikali kukopa kupita kiasi kibaki? Kila kauli bibi aliisoma kwa sauti, akabishana nayo, akanisimulia bei ya mkate mwaka alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ndipo akanielekeza pa kubonyeza. Matokeo yalipotoka, chama alichokipigia kura maisha yake yote kilikuwa cha tatu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniomba nimfungulie maelezo ya viwili vilivyotangulia ili ayasome mwenyewe. Mwishowe alichagua kipi sijui, kwa kuwa aliijaza karatasi akiwa ameifunika kwa kiganja, nami nilikuwa dirishani nimempa mgongo.

Usiku ule shangazi yangu alinipigia simu kutoka Likoni, Mombasa. Katika mazungumzo nikamwambia kwamba na mimi, kwa mara ya kwanza, nitapiga kura huku, maana nimepata uraia chini ya sheria mpya ya Juni 2024 na sikulazimika kuukana uraia wa Kenya. Akafurahi, akaniombea dua, kisha akaniuliza: "Sasa huko nyinyi mko na nani?"

Nilikosa la kumjibu. Swali lile nimelelewa nalo, na ndilo nililolijibu kila nilipopiga kura nyumbani. Kura yangu ya kwanza niliipiga Desemba 2007, na sina haja ya kumweleza Mkenya yeyote yaliyofuata. Mwezi wa Machi 2013 nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapewa karatasi sita, nikazipiga zote kwa mtindo wa suti, yaani chama kimoja kuanzia juu hadi chini, kama wazee wa mtaa walivyoagiza, na ningeulizwa pale kituoni mgombea wangu wa useneta ana msimamo gani kuhusu ardhi ya maskwota wa Pwani, nisingekuwa na neno. Nilijua tuko na nani, na hilo lilitosha kwangu na kwa kila mtu niliyesimama naye kwenye foleni ile.

Najua nitakavyojibiwa. Kwamba amekaa Ulaya miaka michache, amepewa pasipoti ya pili, sasa anatuona sisi tuliobaki hatuna akili za kuchagua. Hilo silo ninalolisema, na ningeomba mtu asome hadi mwisho kabla ya kunihukumu. Shangazi yangu ana akili ya siasa kuliko wengi ninaofanya nao kazi hapa. Anajua diwani gani alikula fedha za basari, anajua nani alihama chama usiku wa mchujo na kwa ahadi gani, na anakumbuka kila mkutano uliofanyika Likoni tangu enzi za KANU. Anauliza "nani" kwa sababu maisha yamemfundisha kwamba kwetu hakuna kitu kingine cha kushika isipokuwa mtu.

Tutazame historia yetu wenyewe. Tangu KANU iangushwe mwaka 2002, tumefanya chaguzi kuu tano, na mshindi ameingia Ikulu kwa chama kipya kila mara: NARC mwaka 2002, PNU mwaka 2007, TNA ndani ya muungano wa Jubilee mwaka 2013, chama cha Jubilee mwaka 2017, na UDA mwaka 2022. Hakuna hata kimoja kilichoshinda kikarudi miaka mitano baadaye, kwa jina lile lile, kuomba kura ya urais kwa kazi iliyofanya. Mzazi aliyeahidiwa mwaka 2013 kwamba mtoto wake wa darasa la kwanza atapewa laptopu angemuuliza nani, wakati TNA ilivunjwa mwaka 2016 na wenyewe wakahamia nyumba nyingine? Huku, SPD ni chama ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1863, na mpaka leo wafanyakazi wenzangu wakikasirika hukilaumu kwa mageuzi ya posho za wasio na kazi kilichoyafanya zaidi ya miaka 20 iliyopita. Viongozi wengi wa wakati ule wameondoka madarakani, lakini chama kipo na lawama ina pa kwenda. Mimi naona wivu kwa hilo kuliko ninavyoona wivu kwa barabara zao au treni zao.

Hata uanachama wenyewe kwetu umepinduliwa. Mwaka 2021, ilipowezekana kuangalia sajili ya vyama kwa simu, nilijikuta nimeandikishwa katika chama ambacho sijapata kukanyaga ofisi yake wala kuhudhuria mkutano wake, na maelfu ya Wakenya wengine walikuta hivyo hivyo. Nilichukua siku kadhaa kujiondoa. Chama kilichonichukua bila kuniuliza sitakitaja, lakini uchungu wake sijausahau, maana Kifungu cha 91 cha katiba yetu ya 2010 kinaeleza vizuri kabisa chama kinavyopaswa kuwa: kiwe na sura ya taifa, kisijengwe juu ya dini, lugha, kabila wala eneo, kiheshimu demokrasia ndani yake. Huku sijasoma maandishi yanayokishinda kifungu kile.

Kuna atakayeniambia kwamba ODM ipo, na kweli ipo. Ilizaliwa katika kura ya maoni ya Novemba 2005, sisi wa chungwa tuliosema hapana na wenzetu wa ndizi waliosema ndiyo, na imedumu kuliko vyama vingi. Nimekulia ndani yake na sitaisema kwa dharau. Lakini ni nani kati yetu aliyekuwa akisema "napigia ODM"? Tulisema "tuko na Baba". Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, tulimlilia hata huku ugenini, na juma lile lile simu zilizokuwa zikipigwa kati ya Hamburg na Mombasa zilikuwa za kuuliza sasa twende na nani. Sikusikia hata mmoja akiuliza ODM inasimamia nini kuhusu ushuru wa nyumba au bima mpya ya afya.

Mwingine atasema Wajerumani nao wana vyama vya mtu mmoja. Ni kweli pia. Katika uchaguzi huo huo kulikuwa na chama kilichoanzishwa Januari 2024 na kubeba jina la kiongozi wake, Sahra Wagenknecht, kikapata asilimia 4.98, kikapungukiwa kura zisizofika 10,000 ili kivuke kiwango cha asilimia 5 cha kuingia bungeni. Lakini na hicho kilizijibu kauli zote 38. Na karatasi yao ya kura inamtenganisha mtu na chama kwa macho: unapiga kura ya kwanza kwa mgombea wa jimbo lako na ya pili kwa chama, na hiyo ya pili ndiyo inayoamua ukubwa wa kila chama bungeni. Hata kilichowapeleka kwenye uchaguzi kabla ya wakati kilikuwa ugomvi kuhusu bajeti na deni la taifa, uliovunja serikali ya muungano Novemba 2024. NARC yetu ilivunjika kwa ugomvi juu ya mapatano ya kugawana vyeo, na kila mwenye umri wangu anayakumbuka.

Sitaki mtu afikiri kwamba nimefika peponi. Mimi mwenyewe nilipoijaza programu ile, nilikuta kauli inayouliza kama waomba hifadhi waliopitia nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya warudishwe mpakani, nikakaa nayo muda mrefu, kwa sababu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi kuna watu walioingia kwa njia hiyo na ndio wanaowaosha na kuwalisha wazazi wa wapiga kura hawa. Chama kilichotaka watu kama sisi tupungue kilitoka wa pili kwa asilimia 20.8. Siku ya matokeo nilikwenda kazini nikiwa mzito. Lakini nilikuwa nimeusoma msimamo wao neno kwa neno kabla ya kupiga kura, na adui aliyeandika anachotaka nakabiliana naye kwa urahisi kuliko rafiki asiyeandika chochote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwetu maswali ya namna hii yapo na yanauma. Chukueni bandari. Serikali ilipolazimisha makontena yapande reli ya SGR, yakatolewe ushuru bara, binamu zangu wawili walikosa kazi, lori la jirani yetu likasimama Changamwe mpaka magurudumu yakakauka, na Mombasa nzima ilijua kwa nini. Hapo palikuwa na kauli ambayo mtoto wa shule angeweza kuijibu: mizigo inayoshuka Mombasa itolewe Mombasa, unakubali au hukubali? William Ruto aliagiza kazi hiyo irudi Mombasa siku ile ile alipoapishwa, tarehe 13 Septemba 2022, na nampa haki yake kwa hilo bila kujali kura yangu ilikwenda wapi. Lakini wakati wa kampeni, nyumbani kwetu hatukuchagua kwa bandari. Tulikaa tukihesabu nani ni wa nani, na swali lililokuwa likitunyima chakula likakaa kando kama mgeni asiyekaribishwa.

Na kabla hamjaniambia kwamba Mkenya hasomi, kumbukeni Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri katika lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi hadi mama muuza mboga akajua mkate utapanda kwa nini. Walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama, na mswada ukaondolewa siku moja baada ya wao kufika bungeni, kwa damu ambayo haijalipwa. Niliwaonyesha wafanyakazi wenzangu hapa video zile kwa fahari ambayo sijapata kuihisi tangu niondoke. Ile ilikuwa Wahl-O-Mat yetu, bora kuliko ya huku, kwa sababu iliandikwa na wananchi wenyewe bila senti ya serikali. Lakini mwishoni mwa Mei 2025, mama mmoja kijana, mtaalamu wa programu, alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza ukurasa wa intaneti uliomwezesha mwananchi kupeleka bungeni pingamizi lake dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mahakama iliyatupa mashtaka mwezi uliofuata. Huku serikali inalipa watu waitengeneze kazi ya namna hiyo. Kwetu aliyeitengeneza kwa hisani yake alilala rumande.

Ninayo haki ya kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027, na nikijaliwa nitapanda treni hadi Berlin, ingawa sisi wa ughaibuni tunapewa karatasi ya rais pekee. Msiniambie basi kwamba hayanihusu. Mama yangu amezikwa Likoni, na ndugu zangu wanavuka feri kila asubuhi.

Mwezi uliopita niliandika kauli 12 kwa Kiswahili, za kwetu tupu: daraja la Likoni lijengwe kabla ya barabara nyingine yoyote kuu ya Pwani, ardhi ya mwenye hati asiyeonekana igawiwe wanaoishi juu yake, makato ya ushuru wa nyumba yafutwe, na nyingine za namna hiyo. Nikamtumia shangazi, nikamweleza utaratibu wake. Alinijibu kwa sauti, dakika tisa, moja baada ya nyingine, kwa uzito ule ule wa yule bibi wa Hamburg. Ya daraja alisema nimwandikie mara mbili. Ya ardhi alitulia, akamtaja marehemu babu, ndipo akajibu.

"Haya, mwanangu," akasema mwishoni, "mimi nimekwisha kukujibu. Na wao wamejibuje?"

Nimekuwa nikitafuta tangu siku ile, jioni baada ya kazi, katika manifesto za 2022, katika hotuba na katika kurasa za vyama vinavyojiandaa kwa 2027, nikijaribu kuwajazia wenyewe yale majibu 12. Mpaka ninapoandika haya, katika safu ya chama chochote nilichokishika, nimeweza kujaza nafasi tatu.