Mji wa kustaafia Hispania, kauone Januari

Mwaka juzi mwezi wa tano, mimi na mume wangu nusura tulipe arubuni ya nyumba Frigiliana, mji mweupe ulio mlimani juu ya Nerja, kusini mwa Hispania. Kuta za chokaa, vichochoro vyembamba vilivyotandikwa kokoto, maua yakimwagika juu ya milango. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, Unguja, kisha nikauguza wagonjwa Uingereza miaka 28. Kile kichochoro kilinirudisha kwa bibi yangu, machozi yakanilenga. Dalali alikwishatoa kalamu. Mume wangu akasema, "Bibie, tuje tena wakati wa baridi, ndipo tutie saini."

Tukarudi Januari. Nyumba za kale za kule zilijengwa kukimbia jua: kuta nene, madirisha madogo, sakafu ya vigae, na nyingi hazina mabomba ya kupasha joto. Wenyeji huketi kwenye meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito hadi chini, na hita ndogo imewekwa mvunguni. Unaingiza miguu, magoti yanapata raha, mgongo unabaki unatetemeka. Maji ya kuoga hupashwa kwa mtungi wa chungwa wenye gesi ya kilo 12.5, na chuma chenyewe kinakaribia uzito huohuo tena. Kutoka pale gari linapokomea hadi mlangoni nilihesabu ngazi 94. Nina miaka 67, na goti la kulia lilikuwa limeanza kunisema zamani. Jioni, katika kichochoro chote, ziliwaka taa za nyumba mbili tu. Nyingine ni za wageni, hufunguliwa kiangazi.

Kwa hiyo nasema wazi: wenzangu wengi wanaohama huku wanachagua mji kwa macho, na macho ndiyo yatakayowaponza. Uliza kituo cha afya kiko umbali gani kwa miguu yako ya miaka 80. Uliza mkate unanunuliwa wapi Februari. Uliza nani atajua usipofungua dirisha asubuhi.

Sisi tuliishia kupanga Xàtiva, mkoa wa Valencia. Watalii wengi huupita wakielekea baharini, ingawa ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza Ulaya kutengeneza karatasi, enzi za Waislamu. Ngome iko juu kabisa, watu wanaishi chini yake. Kuna hospitali, kuna treni ya kwenda Valencia, na Jumanne na Ijumaa uwanja wa soko unajaa. Agosti joto lake halisemeki, hilo silifichi.

Kuhusu makaratasi ya ukaazi nitasema machache. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, wenye pasi yake wanaomba viza ya ukaazi usio wa kazi kama wengine. Kiasi kilichotakiwa mwaka 2025 kilikuwa kipato cha euro 2,400 kwa mwezi, na 600 zaidi kwa kila mtegemezi, na kufanya kazi hairuhusiwi. Ile njia ya kununua nyumba ya euro 500,000 upewe ukaazi imefungwa tangu Aprili 2025, basi dalali akikuambia vinginevyo, ondoka.

Lugha ndiyo iliyonishangaza. Kiswahili na Kihispania vimechota kisima kimoja cha Kiarabu: *hasta* ni hata, *fulano* ni fulani, *azúcar* ni sukari, *aceituna* ni zaituni. Xàtiva wana Kivalensia chao pia, na matangazo ya manispaa huandikwa hivyo, lakini dukani Kihispania kinakufikisha. Nakerwa na mstaafu aliyekaa miaka kumi na bado anaagiza kahawa kwa Kiingereza.

Na wana baraza, ila baraza yao ni viti. Usiku wa kiangazi wazee huvitoa mlangoni wakapunga upepo na kuzungumza hadi usiku wa manane. Mwaka 2021 meya wa Algar, mji mdogo wa mkoa wa Cádiz, alitaka UNESCO iyatambue mazungumzo hayo kuwa urithi, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote.

Juni yetu ya kwanza, saa nne usiku, jirani yetu, bibi wa miaka 83, alitugongea mlango akauliza viti vyetu viko wapi. Hatukuwa navyo. Ijumaa tukaenda sokoni tukanunua viwili.