Kiti Kikishaondolewa

Jamaa alisogeza kiti chake cha magurudumu hadi mbele ya mashine ya kuvuta waya, akafunga breki kulia na kushoto, akachomeka pini kwenye kilo 30, akashika mpini na kuvuta kuelekea kifuani. Vyuma vilinyanyuka kidogo tu, kisha kiti kikaanza kuteleza. Matairi yalikuwa yamekaza, hayazunguki, lakini yaliburuzika sakafuni sentimita mbili tatu kila alipovuta. Badala ya uzito kumfuata yeye, yeye ndiye aliyeufuata uzito. Mwalimu wa mazoezi akaja mbio, akashika mishikio ya nyuma ya kiti, akakita miguu, na hapo ndipo zoezi likawezekana. Kwa seti tatu mwalimu yule alifanya kazi ya nanga.

Mashine yenyewe ilikuwa na kibandiko chenye alama ya kiti cha magurudumu. Ilikipata kwa sababu kiti chake huzungushwa pembeni, nafasi ikabaki wazi, mtu akaingia na cha kwake. Kibandiko kile hunijia akilini kila ninapokutana na ubishi wa namna vifaa vya mazoezi vinavyopaswa kubuniwa kwa ajili ya watu wanaofanya mazoezi wakiwa wameketi.

Ubishi una kambi mbili. Ya kwanza inataka mashine zile zile kwa kila mtu, zibuniwe tangu mwanzo ili anayesimama na anayeketi wazitumie kwa zamu. Ya pili inasema mwili ulioketi una fizikia yake, na kuuingiza kwenye mashine iliyokusudiwa watu wenye miguu miwili iliyokanyaga chini ni kujidanganya. Uundiwe vifaa vyake. Na hawa wanaoketi si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, karibu asilimia 16 ya watu wote, wana ulemavu mkubwa. Si wote wanaotumia viti vya magurudumu, ni kweli. Lakini ongeza wazee ambao magoti yameshagoma, waliopatwa na kiharusi, waliokatwa mguu, waliotoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Miongozo ya shirika hilo ya mwaka 2020, ambayo kwa mara ya kwanza iliwapa watu wenye ulemavu mapendekezo yao mahususi, inawataka watu wazima hao wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anaambiwa akafanye kazi ileile anayoambiwa kila mtu mwingine. Swali ni atafanyia wapi, na kwa chombo gani.

Hoja za kambi ya kwanza nazielewa vizuri. Mashine maalumu huishia kuwa moja, nayo huwekwa kona ya mwisho karibu na mlango wa stoo. Anayeitumia hutengwa na wenzake, na ikiharibika hana mbadala. Mwenye jimu anahesabu eneo: mashine inayotumiwa na watu wawili kwa siku inakula nafasi ambayo nyingine ingetumiwa na hamsini. Kuna na jambo ambalo halipimwi kwa mita, nalo ni raha ya kupokezana mashine na rafiki, wewe ukimaliza seti naye anaingia, bila mtu kulazimika kueleza historia ya mgongo wake.

Sheria nazo, pale zilipogusa suala hili, ziliegemea huku. Marekani, viwango vya mwaka 2010 vya sheria ya haki za watu wenye ulemavu, ADA, vinataka angalau mashine moja ya kila aina iwe na nafasi wazi kando yake, sentimita 76 kwa 122, ili mtu aweze kuhamia kwenye mashine au kuitumia akiwa kwenye kiti chake. Basi. Nafasi ikipatikana, sharti limetimia. Nguvu itatoka wapi na itaishia wapi, viwango hivyo haviulizi. Ndipo wabunifu wengi nao walipokomea: wakaunda kiti kinachozunguka au kinachotoka, wakabandika alama, wakapeleka sokoni.

Shida yangu inaanzia hapo. Kiti cha mashine ya mazoezi si mahali pa kupumzishia makalio. Ukivuta uzito wa kilo 30 kuja kwako, uzito nao unakuvuta wewe kwa nguvu hiyohiyo. Anayefanya zoezi hilo kwenye mashine ya kawaida hausikii mvuto huo kwa sababu miguu yake imekanyaga bamba la mbele, kiti kimefungwa kwa bolti kwenye fremu, na misuli ya tumbo na mgongo imeshikilia kiwiliwili kisiinamie mbele. Hizo ni nanga tatu. Kiti kikiondolewa, nanga moja inakwenda nacho; bamba la miguu halina kazi kwa mtu ambaye miguu yake haisukumi; na kama uti wa mgongo uliumia kifuani au shingoni, misuli ya kiwiliwili haimshikilii ipasavyo. Kilichobaki ni breki mbili ndogo zilizotengenezwa ili kiti kisiserereke mwenyewe akiwa ametulia. Umemfungulia mtu mlango halafu umeng'oa nusu ya mashine.

Wanaonyanyua vyuma kwenye Paralimpiki walishalitambua hili zamani. Benchi la kawaida la kunyanyulia ukiwa umelala chali ni jembamba, na linafaa kuwa hivyo, kwa kuwa miguu iliyo sakafuni kushoto na kulia ndiyo inayokuzuia usipinduke. Wao miguu yao hulala juu ya benchi, ikiruhusiwa kufungwa mkanda. Kwa hiyo benchi lao lina upana wa sentimita 61, likipungua hadi 30 hivi upande wa kichwa ili mabega yapate nafasi. Ni mbao, vyuma na sponji. Hakuna teknolojia ya ajabu pale. Siamand Rahman wa Iran alinyanyua kilo 310 juu ya benchi la namna hiyo mjini Rio mwaka 2016. Aliyelibuni alijiuliza mwili utajishikiza wapi, akajibu kwa sentimita.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba zoezi linaloathirika kuliko yote ndilo linalohitajika kuliko yote. Bega ni kiungo chepesi, mpira mkubwa uliokaa juu ya kisahani kidogo, unashikiliwa na misuli na kano. Anayesukuma magurudumu kwa mikono hulitumia kutwa nzima, na akihama kutoka kitini kwenda kitandani au garini hulibebesha mwili wake wote. Maumivu ya bega kwa watu hawa ni jambo la kawaida mno. Kusukuma kunajenga kifua na mbele ya bega. Misuli ya nyuma, ile iliyo kati ya mifupa bapa ya mabega, inaachwa nyuma. Dawa inayopendekezwa ni kuvuta. Lakini ukisukuma mpini mbele, mgandamizo unarudi kwenye egemeo la kiti chako, ambalo kidogo linakupokea. Ukivuta, hakuna kinachokupokea. Hivyo mashine yenye kiti kinachoondoka huwa afadhali kwenye zoezi ambalo mtumiaji amekwisha kulifanya barabarani tangu asubuhi, na inamwangusha kwenye lile alilolifuata jimu.

Je, kambi ya pili imeshinda? Kuna mahali imeshinda waziwazi. Mashine ya kuzungusha pedeli kwa mikono ni mfano. Ekseli inatakiwa iwe usawa wa bega au chini yake kidogo, na urefu huo uweze kubadilishwa, maana bega la mtu aliyeketi juu ya mto mnene haliko pale lilipo la jirani yake. Halafu kuna suala la mikono kupishana au kwenda pamoja. Kwenye baiskeli ya miguu pedeli hupishana, na wabunifu wa mwanzo wanaweza kudhani mikono nayo ifanye vivyo hivyo. Ila mikono ikipishana, kiwiliwili kinapindishwa huku na huku, na asiye na misuli ya tumbo hana cha kuzuia. Ndiyo maana kwenye baiskeli za mikono za mashindano mikono yote miwili huzunguka pamoja. Hilo huwezi kulipata kwa kung'oa kiti cha baiskeli ya kawaida.

Na kioo cha mashine nacho kina maneno yake. Nyingi zinakadiria kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa kutoa umri kwenye 220, kisha zinakuhimiza uongeze kasi. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni mara nyingi moyo wake hauvuki mapigo 130 hata akiwa amechoka kabisa, kwa sababu mawasiliano ya ubongo na neva zinazouongezea moyo kasi yamekatika. Mwili wake pia hautoi jasho ipasavyo, joto linapanda haraka. Mashine inamwambia hajajitahidi, naye yuko ukingoni. Hapa marekebisho ni ya programu tu: mpe mtu nafasi ya kujipimia uchovu wake kwa namba, sifuri hadi kumi, na uache moyo wake upumue.

Lakini kambi hii inapotaka jimu nzima ya pembeni, mimi siko nayo. Mengi inayoyalilia ni madogo na yangefaa kila mtu: uzito unaoanzia kilo 1 au 2 na kupanda polepole badala ya kuruka kwa kilo 5, pini inayofikiwa bila kuinama, mpini wenye mkanda kwa wasioweza kukunja vidole, sponji isiyochubua, kwa kuwa ngozi isiyo na hisia haitoi taarifa mpaka kidonda kimeshaanza. Bibi mwenye baridi yabisi atashukuru kwa yote hayo.

Ninakoegemea ni mashine ya pamoja, ila yenye nanga badala ya nafasi tupu. Kwa zoezi la kuvuta, weka mto wa kifua unaosogezwa mbele na nyuma, mtu auegemee anapovuta. Weka pia mahali pa kukishikiza kiti chini. Sisemi hivyo vinamaliza mambo. Mto unaokandamiza kifua unamsumbua mtu ambaye pumzi yake tayari ni fupi. Fremu za viti hutofautiana, na chache zilitengenezwa zikitarajia kuvutwa na ndoano. Wapo pia wasiopenda kabisa kufungwa popote, na nani atawalaumu. Wengine wangependa kuhamia kwenye kiti cha mashine, hata kama kila kuhama kunalitoza bega lilelile linalotibiwa. Ndiyo sababu mashine ijaribiwe na mtu aliyeketi, uzito ukiwa umechomekwa, kabla ya kubandikwa alama yoyote. Kupima nafasi kwa futi kamba hakutoshi.

Jamaa yule bado anakuja. Siku hizi anavuta kwa mkono mmoja, kilo 15, huku mwingine umeshika nguzo ya mashine. Hakuna aliyeweka mpini pale. Rangi ya nguzo imeanza kubanduka usawa wa kifua chake.