Kabla ya lenzi ndefu, nunua darubini

Mara ya kwanza nilipokwenda Mida, mkono wa bahari kwenye pwani ya Kenya, kupiga picha za ndege nilikuwa na kamera ya kuazima yenye lenzi ya milimita 300. Nilishuka matatu ya Malindi kabla ya kufika Gede, nikapita mikokoni, nikatokea ukingoni mwa hori. Maji yalikuwa yamekupwa. Ndege walikuwepo kwa mamia, lakini kila nikitazama kwenye kamera naona vitone juu ya tope. Nikavua viatu, nikaingia matopeni kuwasogelea. Sikufika hata nusu ya njia. Waliinuka wote kwa pamoja, wakazunguka, wakaenda kutua ng'ambo.

Ufukweni alikuwapo mzee mmoja akisuka lema lake, mtego wa samaki. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, kisha akasema bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hao wamengoja maji yatoke ndipo wale. Sasa umewatoa kwenye sahani."

Sikuwa na la kumjibu, na maneno yake sijayasahau. Ndiyo maana kila kijana anayeniuliza aanze na kamera gani humwambia asianze na kamera. Anunue darubini, ile ya jicho moja inayosimamishwa juu ya miguu mitatu, na picha apige kwa simu aliyo nayo mfukoni.

Wapiga picha wazoefu wengi hawakubaliani nami. Husema picha ya darubini haifikii ile ya lenzi kubwa, na kwa hilo wanasema kweli. Lakini lenzi ya milimita 600 yenye kupokea mwanga mwingi, zile wanazobeba watalii Maasai Mara, huuzwa zaidi ya dola 12,000. Hapa kwetu hiyo ni bei ya kiwanja. Darubini ya kuanzia, yenye lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 65, hupatikana kwa dola mia chache. Na hesabu yake ni rahisi. Milimita za lenzi ya kamera zikiwa nyingi, huvuta karibu zaidi; kamera kuu ya simu nyingi huona upana sawa na lenzi ya milimita 26. Iweke nyuma ya darubini inayokuza mara 20, unapata kitu kama lenzi ya milimita 520. Peleka darubini kwenye mara 30, unafika 780. Ndege aliyekuwa kitone sasa ana jicho, na jichoni mwake unaona mng'ao wa jua.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1999 Laurence Poh, mtazamaji ndege wa Malaysia, alishika kamera ndogo ya kidijitali nyuma ya darubini yake na picha zikatoka safi. Watu wengi wanamhesabu kuwa baba wa upigaji picha huu, unaoitwa dijiskopi. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba kamera ile ndogo sasa kila mtu anayo, na kazi yake nyingine ni kupiga simu na kutuma pesa.

Pwani yetu inaufaa upigaji huu kuliko mahali pengi, na sababu ni maji. Ndege wa ufukweni hufuata maji kama wavuvi wafanyavyo. Yakikupwa hutawanyika mbali matopeni kula. Yakijaa husukumwa kidogo kidogo hadi ukingoni. Kwa hiyo kalenda ya mpiga picha wa Mida ni ile ile ya mvuvi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji kwenye pwani hii hujaa alasiri mnamo saa kumi, na ndani ya hori huchelewa kidogo. Fika saa nane. Simika darubini ukingoni, kaa chini, nyamaza. Maji yatakuletea ndege wenyewe, jua likiwa mgongoni mwako na mwanga ukianza kulainika. Siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na usiku, na ukienda alasiri utakuta ndege wako mbali wakitetema ndani ya mazigazi. Hewa ya joto inayopanda juu ya matope huharibu picha kuliko ubovu wa lenzi yoyote. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa, ukiwa unapiga kitu kilicho mita mia mbili, hakuna darubini duniani itakayokuokoa.

Na mgeni mkubwa wa Mida anastahili subira hiyo. Ni ndege mla kaa, mweupe, mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama jambia. Hutujia baada ya kuzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba na Bahari ya Arabu, za Oman zikiwemo, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Hakuna ndege mwingine wa jamii yake ya ufukweni anayezalia shimoni namna hiyo. Kinda huja huku na mzazi wake, na miezi mingi baadaye bado anaomba chakula. Darubini ndiyo iliyonionyesha hilo: kinda wa kijivu ameinama mbele ya mama, mama amebeba kaa, na mimi niko mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja wao anayejua kama nipo. Kwa lenzi ya milimita 300 nisingeliona kamwe. Ningewafukuza kwanza.

Hapo ndipo ulipo moyo wa hoja yangu. Watu huhesabu umbali kuwa tatizo linalotafutiwa ufumbuzi. Mimi nauhesabu kuwa adabu. Ndege aitwaye chamchanga, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, yule anayezaliana Siberia karibu na ncha ya dunia, ana uzito wa gramu 60 hivi. Kabla ya kuondoka mwezi wa nne lazima anenepe, na muda wake wa kula ni ule tu maji yametoka. Kila anaporushwa anatumia mafuta aliyoyaweka kwa safari. Nimeona waongozaji wakipiga makofi ili kundi liruke mgeni apate picha ya mabawa, na nimeona wapiga picha wakisukuma mtumbwi hadi kwenye fungu la mchanga ambapo ndege wamekusanyika kungoja maji yapwe. Inaniuma kila mara. Mwenye darubini hana haja ya hayo.

Basi uanzeje? Usivutiwe na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Darubini nyingi hukuza kati ya mara 20 na 60, na muuzaji atakusifia hiyo 60. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji: milimita 80 kwa mara 20 ni duara la mwanga la milimita 4 linaloingia kwenye simu, kwa mara 60 duara hilo ni milimita 1.3 tu. Picha inakuwa giza, simu inapunguza kasi ya kupiga, ndege anatoka ukungu. Mimi nabaki kati ya 20 na 30 karibu siku zote. Kama pesa inatosha, chukua lenzi ya milimita 80. Kama unasafiri kwa matatu na boda, ile ya 65 itakupendeza zaidi ukifika jioni. Chagua yenye jicho lililoinama, kwa sababu mrefu na mfupi wanaweza kuchungulia bila kuishusha na kuipandisha.

Miguu mitatu ndiyo watu wanapofanyia ubahili, na ndiyo inayowaangusha. Upepo wa kusi ukivuma, stendi nyepesi hutetemeka kama unyasi. Nunua nzito kidogo, ining'inizie mkoba katikati, usiinue nguzo ya katikati isipokuwa huna budi. Ukirudi nyumbani ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila kiungo. Chumvi haisamehe.

Adapta ya kushikia simu ni kipande cha plastiki au chuma cha bei ndogo, na utahitaji uvumilivu siku mbili tatu kuizoea. Fanya mazoezi nyumbani kwa kulenga nazi juu ya mnazi. Toa kava la simu. Tumia kamera kuu peke yake; simu za siku hizi zina kamera mbili au tatu, na ukikuza kwa vidole simu inaweza kurukia kamera nyingine, ukaona giza ghafla. Duara jeusi pembeni ni la kawaida: sogeza simu mbele au nyuma hadi lipungue, kisha likate baadaye. Gusa kioo penye ndege na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwangaza kidogo, hasa kwa ndege mweupe, la sivyo manyoya yatakuwa doa tupu. Usibonyeze kioo kupiga, kwani kidole chako kinatikisa kila kitu. Weka saa ya sekunde mbili, au tumia kitufe cha sauti cha waya wa masikioni. Piga nyingi kwa mfululizo. Katika thelathini, mbili zitakuwa nzuri, na hiyo ni hesabu njema.

Kuna mahali darubini haifai. Ndege anayeruka, sahau. Ndani ya mbuga, ambako huruhusiwi kushuka na injini inanguruma chini yako, wanyama wenyewe wako karibu na kamera ya kawaida inatosha. Msituni pia ni shida, isipokuwa kwa kiumbe kinachotulia. Pale Arabuko-Sokoke, jirani kabisa na Mida, yuko bundi mdogo wa Sokoke anayelala mchana kutwa kichakani. Mwongozaji anayejua tawi lake akikuonyesha, simama nyuma mita kumi, zima taa ya simu, usipige mluzi. Hatikisiki. Nilipata picha yake ambayo naona kila unyoya, na tulipoondoka alikuwa bado amefumba macho.

Faida nyingine sikuitarajia. Anayepiga picha kwa lenzi ndefu huona peke yake. Simu ikishafungwa nyuma ya darubini, kioo chake kinakuwa dirisha la watu wote. Kina mama wanaorudi kuokota kombe husimama, huweka ndoo chini, hutazama. Watoto husukumana. Siku moja tuliona kwenye mguu wa ndege aitwaye sululu pete yenye herufi, ile ambayo watafiti huwavisha ndege ili kufuatilia safari zao, tukazisoma kwa pamoja kwenye kioo, tukapiga picha. Mtu aliyemvisha pete ile, popote alipo, ataweza kujua kwamba ndege wake amefika. Na hata bila pete, picha yako ya simu, ikiwa na tarehe na mahali, ni ushahidi wa kutunza pamoja na orodha zako za Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya.

Mzee wa lema nimeonana naye mara nyingi tangu siku ile. Mwezi uliopita alikuja mwenyewe, akaweka mkono mmoja kiunoni, akainama kwenye jicho la darubini badala ya kioo cha simu. Alikaa pale muda mrefu, mpaka maji yakagusa miguu ya stendi. Kisha akanyoosha kidole upande wa kushoto, mahali ambapo mimi sikuwa nimetazama, akaniambia nigeuze kidogo: kuna kinda mwingine pale, analia njaa.