Darubini kubwa ya Herschel ilikuwa ya mfalme, ndogo ndiyo iliyofanya kazi

Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali. Majina hayo tumeyapata kwa Waarabu, na ukishafika Zohali orodha inakatika ghafla. Inayofuata ni Uranusi, jina la kigeni lisilo na mwenzake wa Kiarabu, kwa sababu hakuna aliyeitofautisha na nyota hadi Machi 13, 1781, pale mpiga kinanda wa kanisa moja mjini Bath, Uingereza, alipoiona akiwa bustanini kwake. Naye alidhani ni nyotamkia.

Huyo ni William Herschel, na kila anayemwandika huanzia hapo na kuishia hapo. Mimi Uranusi hainisisimui sana. Kinachonivuta ni kwamba mtu huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa mwanafalaki, na kwamba kosa lake kubwa la ufundi ndilo tunalolitukuza hadi leo.

Alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, baba yake akiwa mpiga zumari wa bendi ya jeshi. Mwaka 1757 vita vilimkimbizia Uingereza, akala kwa muziki. Mwaka 1773, akikaribia miaka 35, nyota zikamteka. Darubini ya ukubwa alioutaka haikuwapo madukani, basi akanunua vifaa vya mtu aliyekuwa akisugua vioo kwa kujifurahisha, akageuza nyumba kuwa karakana.

Vioo vyenyewe havikuwa vya glasi. Vilikuwa vya shaba na bati, vilivyoyeyushwa pamoja, vikamwagwa kwenye kalibu, kisha vikasuguliwa kwa mkono mpaka viakisi. Dada yake, Caroline, aliyemfuata Bath mwaka 1772, ndiye aliyetwanga na kuchekecha samadi ya farasi ya kutengenezea kalibu. Yapo masimulizi yake ya siku kaka yake alipong'ang'ania kioo saa 16 bila kuondoa mikono, maana ukiacha katikati umeharibu. Caroline alimlisha tonge kwa tonge mdomoni, na kazi ilipokuwa haihitaji akili nyingi alimsomea hadithi. Miongoni mwake zilikuwamo za Alfu Lela Ulela. Piga picha: Shahrazadi anasomwa kwenye karakana ya Kiingereza inayonuka samadi.

Mwaka huohuo wa 1781 walijaribu kioo chenye kipenyo cha futi 3, tanuri likiwa chini ya nyumba. Shaba na bati iliyoyeyuka ilivuja, ikatiririka sakafuni, na mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka hadi darini. Mafundi walitimka, naye Herschel akaangukia rundo la matofali, hoi kwa joto na uchovu.

Uranusi ikamfungulia mlango wa mfalme. George III akampa pauni 200 kwa mwaka, naye akaachana na muziki. Mwaka 1787 Caroline naye akawekewa pauni 50 zake, na kwa maoni yangu hizo ndizo pesa zilizotumika vizuri kuliko zote katika kisa hiki.

Maana kazi halisi ilifanywa na darubini ya urefu wa futi 20, yenye kioo cha kipenyo cha inchi 19 hivi. William alipanda juu yake gizani na kuita alichokiona, Caroline akaandika chini, baridi nyingine ikigandisha wino. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783 Caroline aliteleza kwenye theluji, ndoano ya chuma ya mtambo ikamwingia juu ya goti. Walipomnasua, kipande cha nyama kilibaki kwenye ndoano. Kwa mtindo huo wakaorodhesha nebula (mawingu hafifu ya mwanga angani) na makundi ya nyota yapatayo 2,500.

Lakini mfalme hutaka kikubwa. Akatoa pauni 4,000, na mwaka 1789 kule Slough ikakamilika darubini ya futi 40, kioo chake kikiwa na kipenyo cha inchi 48. Kabla haijaisha, bomba lake lilikuwa mahali pa wageni wa heshima kutembea ndani. Watetezi wake wataniambia ilionyesha Enceladus na Mimas, miezi ya Zohali, na ni kweli. Zaidi ya hapo ilikuwa adha. Kioo cha kwanza kilikuwa chembamba kikapinda kwa uzito wake, cha pili kilikaribia tani moja. Unyevu ulikifubaza, na kukirudishia mng'ao ni kusugua upya. Kuitayarisha kulikula muda wa usiku ambao Uingereza haitoi mwingi usio na mawingu. Herschel akaendelea kurudi kwenye futi 20 yake, kama fundi anayekwepa msumeno wa maonyesho na kushika ule wa mpini uliokwisha.

Simlaumu sana, pesa ilikuwa ya mfalme na mtaka cha uvunguni sharti ainame. (Alikosea kwingine pia: aliamini Jua lina wakazi.) Ninaowashangaa ni sisi. Chama cha wanafalaki cha Uingereza, ambacho Herschel alikuwa rais wake wa kwanza, kilichagua nembo, na ni futi 40 iliyochorwa.

Mwanawe, John, hakudanganyika. Alipokwenda Rasi ya Tumaini Jema kuchunguza anga la kusini kuanzia mwaka 1834 hadi 1838, alipakia melini darubini ya futi 20. Ile kubwa ilibaki Slough, na aliporudi akaibomoa maana mbao zilishaoza. Usiku wa kuamkia mwaka 1840 familia iliingia ndani ya bomba lililolazwa chini, ikakaa humo na kuimba.