Mgeni siku mbili: makaa ya San Pedro Manrique na mawe ya Sarnago

Usiku wa Juni 23, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, kijiji cha San Pedro Manrique hufurika. Kiko milimani katika mkoa wa Soria, kaskazini mwa Hispania, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na wakazi wake ni kama 600 tu. Karibu na kanisa dogo la Virgen de la Peña pana uwanja wa ngazi unaochukua watu 3,000 hivi, yaani mara tano ya kijiji chenyewe. Wote huja kutazama jambo moja: watu wakitembea peku juu ya makaa ya moto. Kinachonishughulisha ni kama umati ule unakisaidia kijiji kuishi, au unakigeuza kuwa jukwaa la usiku mmoja.

Jioni magogo ya mwaloni hupangwa na kuwashwa. Kufikia saa sita usiku miali imekwisha, yamebaki makaa. Wanaume wenye miti mirefu huyapiga, huyatandaza na kuyasawazisha mpaka yawe kama busati jekundu la mita saba. Tarumbeta hulia, na uwanja mzima hunyamaza. Anayepita amekunja suruali hadi magotini na amembeba mtu mgongoni: mama yake, mwanawe, mchumba, pengine rafiki. Hakimbii. Anakanyaga kwa kishindo, hatua baada ya hatua, akitokea upande wa pili anaangukia mikononi mwa ndugu zake. Wanasayansi wanaeleza kwamba makaa ya kuni hupitisha joto polepole na unyayo haukai mahali pamoja kwa muda wa kutosha kuungua. Wenyeji wana maelezo yao: mzaliwa wa San Pedro hupita salama, mgeni akijaribu ataungua.

Mwaka 2011 jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa pale pale. Watafiti, miongoni mwao Ivana Konvalinka na Dimitris Xygalatas, waliwafunga watu 38 vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Baadhi walikuwa wapita makaa, baadhi jamaa na marafiki zao, wengine wageni wasiojuana nao. Joto la makaa lilifika nyuzi 677 za Selsiasi. Ikaonekana kwamba moyo wa anayepita na moyo wa jamaa yake aliyeketi kwenye ngazi vilikwenda pamoja, kimoja kikipanda na kingine kinapanda, ingawa jamaa huyo hakuwa ameinua hata mguu. Mioyo ya wageni haikufuata.

Kwangu mimi utafiti huo umegusa kiini cha mjadala. Mgeni ameona moto ule ule, amesikia tarumbeta ile ile, huenda hata amekaa mahali pazuri kuliko bibi wa anayepita. Lakini alichokiona yeye ni mtu anayekanyaga moto. Bibi ameona mjukuu wake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mila ikishatazamwa na maelfu basi imeuzwa. Watazamaji wawe 3,000 au 30, kile kinachowafunga wenyeji hakiko machoni mwa mgeni, kwa hiyo mgeni hawezi kuondoka nacho.

Na kuna hoja nzito upande wa kuwakaribisha. Mkoa wa Soria una watu karibu 90,000, chini ya 10 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kwa karne nyingi milima hii iliishi kwa kondoo wa merino, waliohamishwa kila mwaka hadi malisho ya kusini kukwepa baridi. Biashara ya sufu ilipodidimia, vijana wakafuata kazi Zaragoza, Barcelona na Madrid, na wengi hawakurudi. Machi 31, 2019, watu wa mikoa ya namna hii waliandamana Madrid kudai barabara, reli, madaktari na intaneti, wakiiita nchi yao Hispania iliyokamuliwa watu. Mahali kama hapo, mgeni anayelala nyumba ya wageni, akala mwanakondoo wa kuchoma na kununua soseji za kwenda nazo nyumbani, si kero hata kidogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena fedha siyo yote. Kijana aliyekulia mahali ambapo kila mwenye akili anashauriwa kuhama, akiona watu wamesafiri mbali kuja kutazama alichofundishwa na babu yake, anapata sababu ya kukipenda kwao.

Hata hivyo, tusiukuze uponyaji huo kupita kiasi. Kinachowaweka watu San Pedro mwezi Februari, theluji ikiwa mlangoni, ni kazi, hasa ya kukausha na kutengeneza nyama ya nguruwe, na kuwepo kwa shule na huduma za afya. Usiku wa Juni 23 haumlipi mwalimu. Kote katika vijiji vya Hispania kuna malalamiko yale yale: nyumba zimefungwa karibu mwaka mzima zikisubiri wenyewe au wageni wa kiangazi, huku familia inayotaka kuhamia haipati ya kupanga.

Tena moto umeifunika sherehe nyingine ambayo kwangu ina uzito uleule. Asubuhi ya Juni 24 hutoka Móndidas, wasichana watatu waliochaguliwa kwa kura ya bahati. Huvaa nguo nyeupe na kubeba kichwani kikapu kizito kinachosimamishwa vijiti virefu vilivyovishwa kinyunya cha zafarani, kisha hughani beti mbele ya watu uwanjani. Wapo wanaosema ni kumbukumbu ya kodi ya wasichana mia waliopelekwa kwa watawala Waislamu, kodi iliyofutwa baada ya vita vya Clavijo, vita ambavyo wanahistoria wengi hawaamini kama vilipiganwa. Wengine huwarudisha nyuma zaidi, hadi kwa makuhani wanawake wa kale kabla ya Warumi. Mgeni aliyekuja kupiga picha za makaa na kuondoka alfajiri hajui hata kwamba vikapu hivyo vipo.

Sasa nenda Sarnago, kilomita chache tu kutoka hapo. Serikali ilipopanda misonobari kwenye ardhi ya malisho, ufugaji ukakosa nafasi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kijiji kikabaki bila mkaazi hata mmoja. Mapaa yakaanguka. Mwaka 1980 waliotoka huko na watoto wao wakaunda chama. Wamefungua jumba la makumbusho ya maisha ya zamani, wamekarabati chemchemi na mahali pa kufulia, na wanaendelea kuinua kuta. Nao wana Móndidas wao, ila huwatoa Agosti, kwa sababu ndiyo likizo ya waliotawanyika mijini.

Ukiniuliza kipi kati ya vijiji hivi viwili kinajua la kumfanyia mgeni, nitajibu Sarnago, ingawa ndicho kilichokufa. San Pedro humpa mgeni kiti. Sarnago hufuata nusu ya pili ya methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kila kiangazi kuna siku za hacendera, msaragambo wa jadi wa milima hiyo, na si wenye asili ya kijiji peke yao wanaokuja. Atokaye mbali, asiye na babu hata mmoja makaburini pale, hukabidhiwa koleo kama wengine, akaonyeshwa ukuta ulioporomoka na rundo la mawe ya kuurudishia.